Seli ya Hoek: chuma hakina shida, angalia mpira

Maabara yenye mashine ya kuvunjia zege tayari ina nusu ya kifaa cha kupimia mwamba uliobanwa. Nusu ya pili ni seli ya Hoek, silinda nene ya chuma yenye ala ya mpira ndani, muundo uliotolewa na Hoek na Franklin mwaka 1968. Mafuta ya hidroliki hukaa kati ya chuma na mpira. Mpira huibana sampuli, yaani kipande cha mwamba chenye umbo la silinda, pembeni, mashine huikandamiza kutoka juu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mafuta hayamwagwi. Sampuli ikivunjika unaisukuma nje, unaingiza nyingine.

Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha sampuli zako. Seli ya NX (NX na NQ ni majina ya vipimo vya sampuli za kuchorongwa) ni ya milimita 54.7, ukiletewa NQ ya milimita 47.6 kutoka kwa wachorongaji wa Chunya, haitakufaa. Urefu uwe mara mbili ya kipenyo au zaidi kidogo, na ncha zisawazishwe hadi tofauti isizidi milimita 0.02. Msumeno wa almasi peke yake haufiki hapo, lazima ncha zisagwe.

Mpira ndio unaokula hela. Hutobolewa na kingo kali za sampuli iliyopasuka, na hupasuka kabisa mtu akipampu seli ikiwa tupu. Pumisi ya Rungwe, jiwe jepesi la volkano, ina shida yake: matundu yake humeza mpira. Yazibe kwa jasi kwanza. Agiza mipira miwili ya akiba pamoja na seli, si baadaye.

Kosa linaloharibu majibu bila kuonekana liko kwenye pampu. Sampuli ikianza kutanuka husukuma mafuta, shinikizo la pembeni likapanda lenyewe. Uliyeandika MPa 20 (megapaskali, kipimo cha shinikizo) kumbe umepima 24. Mtu mmoja asimame kwenye geji akipunguza shinikizo kidogo kidogo. Pampu ya mkono bila msimamizi haiaminiki. Pia toa hewa yote kwenye mafuta, la sivyo sindano ya geji itacheza.

Piga hesabu ya mashine vilevile. Graniti ya Iringa ikihitaji MPa 440 chini ya mbano, sampuli ya NX inataka karibu kilonewtoni 1,030. Mashine ya 1,000 itakuachia sampuli nzima na aibu.

Sasa mipaka. Seli hufika MPa 70, sawa na uzito wa mwamba wa kina cha kilomita 2.6 hivi. Hapo graniti bado hupasuka kwa ufa wa mshazari. Marumaru ya Carrara, Italia, aliyoipima mhandisi von Kármán mwaka 1911, huanza kuvimba kama pipa badala ya kukatika karibu na shinikizo hilohilo, kwa hiyo seli hii inakuonyesha mlango tu wa tabia hiyo. Joto ndilo haiwezi kabisa. Kuizungushia hita ni kuua mpira na mafuta kabla mwamba haujahisi kitu. Anayetaka kuona mwamba ukitiririka kwa nyuzi 1,000 za Selsiasi anahitaji mashine ya Paterson: gesi ya agoni, MPa 300, sampuli ndani ya ala ya chuma au shaba. Hiyo ni bajeti nyingine.

Kwa miteremko ya barabara, machimbo na misingi ya madaraja, seli ya Hoek inatosha. Mwezi wa Juni Mbeya, mafuta yakiwa mazito kwa baridi, pampu taratibu na usubiri sindano itulie kabla ya kusoma.