Vituo vya pamoja vya mpakani Afrika Mashariki: vimelifaa lori kuliko kibarua

Katika kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi mbili wanahudumia katika jengo moja. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba msafiri hasimami upande anaotoka. Anayetoka Tanzania kwenda Kenya kupitia Namanga analipita jengo la Tanzania, anaingia la Kenya, na humo ndimo anamokuta ofisa wa Tanzania akigonga muhuri wa kutoka, kisha wa Kenya akigonga wa kuingia. Kurudi ni kinyume chake. Namanga ilizinduliwa Desemba 2018, ikitanguliwa na Holili/Taveta, Rusumo, Mutukula na Busia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ndiyo inayowawezesha maofisa wa nchi moja kufanya kazi kwenye ardhi ya jirani.

Kwa mzigo, huduma hii inastahili sifa. Forodha za pande mbili zinakagua lori mahali pamoja, halifunguliwi hapa na kufunguliwa tena kule. Abiria mwenye hati kamili naye anahudumiwa vizuri, ila kuna kosa moja lenye gharama kubwa. Madirisha yako jirani katika ukumbi mmoja. Mtu anagongewa muhuri wa kutoka, anadhani amemaliza, anarudi kwenye basi. Kwa hati yake ametoka nchi moja bila kuingia nyingine, na siku ya kurudi anaonekana alipita njia za panya. Hesabu mihuri miwili kabla hujatoka ukumbini, kisha soma siku ulizopewa. Raia wa Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi 6, lakini zinazokufunga ni zile alizoandika ofisa.

Kuhusu hati, mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ulianza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuwamo, kwa hiyo anayevuka mpaka wake aandae pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kadi ya homa ya manjano inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo kuchanjwa asubuhi ya safari hakusaidii. Tangu 2016 kadi hiyo inadumu maisha, hata kama imeandikwa miaka 10.

Mfanyabiashara mdogo ana dirisha lake: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha, unapewa cheti rahisi cha uasili, yaani hati ya kuonyesha bidhaa zilikozalishwa, na kusamehewa ushuru wa forodha. Wengi wanakwama kwa kudhani msamaha huo unafuta kila tozo. Kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea na mifugo vinabaki palepale.

Udhaifu mkubwa uko kwa anayevuka kutafuta riziki. Mrundi anayekuja kulima mashamba ya Kigoma anafuata ujira ulio mkubwa kuliko wa kwao na msimu unaohitaji mikono haraka. Muhuri wa kuingia haumruhusu kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga. Kibarua hana mkataba wa maandishi. Tena kila nchi iliorodhesha kazi inazozifungulia wageni, na orodha hizo kwa sehemu kubwa zinawalenga wataalamu na mafundi wenye vyeti. Basi anapita porini, na matokeo yake yanaonekana pande zote mbili: mwajiri anaweza kumnyima ujira akijua hataenda kushtaki, kibarua mwenyeji analazimika kukubali malipo yaleyale ya chini, na nyumbani alikotoka mkewe anabaki na shamba peke yake. Jengo zuri haliwezi kuziba pengo hilo. Kinachokosekana ni pasi ya msimu inayotolewa hapohapo dirishani, yenye jina la mwajiri na tarehe ya mwisho.

Mfugaji wa Kimaasai yuko vivyo hivyo. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani uliwagawa ndugu zake, na ukame unampeleka kwenye malisho bila kujali dirisha liko wapi.

Kwa anayekimbia vita, utaratibu ni mwingine kabisa. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa takriban siku moja. Hakuna foleni ya mihuri inayoweza kuwahudumia watu kama hao. Aliye katika hali hiyo asijieleze kama mgeni wa matembezi ili apite haraka. Aseme wazi dirishani kwamba anaomba hifadhi, hata akiwa hana karatasi yoyote, ili akabidhiwe kwa wanaoshughulikia wakimbizi.