Dawa ya chunjua za unyayo: kagua kifuniko kwanza

Baadhi ya wanaolalamika kwamba dawa ya chunjua "haishiki" waliuziwa chupa iliyokwisha kufa. Dawa ya maji huwa ni asidi ya salisiliki ndani ya kolodioni (kiowevu kinachokauka kuwa utando), nayo kolodioni ina etha, ambayo hupaa upesi mno. Kifuniko kikilegea, maji hugeuka gundi. Ukipaka unabandika utando tu. Inamisha chupa dukani: dawa itembee kama rangi ya kucha mpya. Ikijikokota, irudishe. Na hao wanaoipanga dirishani juani, kisha wanakataa usiishike, waachie dawa yao.

Hakikisha pia si sugu. Chunjua huuma zaidi ukiibana ubavuni, sugu ukiigandamiza kwa juu. Vidoti vyeusi ndani ya chunjua ni damu iliyoganda kwenye vishipa, wala si "mizizi" ya kung'olewa kwa wembe.

1. Duofilm ya maji. Hii ndiyo ninayoipendelea bila kificho: salisiliki 16.7% pamoja na asidi ya laktiki. Loweka mguu dakika tano kwenye maji ya uvuguvugu, kwangua ngozi nyeupe kwa tupa isiyotumika kwingine, kausha, zungushia Vaseline kwenye ngozi ya kando isiyo na chunjua, paka tone moja juu ya chunjua, liache likauke, funika kwa plasta. Kila siku, hadi wiki 12. Pakiwa pabichi au pakiuma, pumzisha siku chache. Kila ukimaliza, futa shingo ya chupa kwa tishu. Tone likikaukia hapo kifuniko hakifungi tena, na chupa nzima imeharibika. Weka mbali na moto.

2. Plasta za salisiliki 40%. Kali, ila kipande ni kikubwa kuliko chunjua na jasho hukisogeza, kikaunguza ngozi isiyo na chunjua. Kikate kwa kipimo cha chunjua.

3. Kopo la kugandisha chunjua nyumbani. Hufika nyuzi -57 hivi. Nitrojeni ya maji ya kugandishia hospitalini ni -196. Bei yake haina haya. Hata hiyo nitrojeni, katika jaribio la watu 240 lililochapishwa na BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 2011, haikuishinda salisiliki ya 50%: kila upande walipona karibu 14% tu baada ya wiki 12. Chunjua nyingi hujiondokea zenyewe, hasa kwa watoto.

Kupaka chunjua gundi ya mabomba au maji ya betri: hapana.

Mwenye kisukari au miguu yenye ganzi asinunue chochote hapa, aende kliniki.