Vifaa nilivyoifunga baiskeli ya umeme ya milimani hapa Arusha: kipi kina thamani ya hela na kipi ni urembo

Wakuu, kila nikisimama mahali na hii baiskeli naulizwa maswali mawili, umeifunga nini na betri ya akiba inapatikana wapi. Betri tutafika. Kwanza niseme kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii, baiskeli ya umeme ya milimani inakula vipuri kuliko ya kukanyaga kwa miguu, na inakula vile vipuri ambavyo havipendezi hata kwenye picha. Yangu ni ya mkononi, nimenunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, mota ni Bosch Performance Line CX ile ya Nm 85 (hiyo ni nguvu ya kuzungusha), betri ya Wh 500 (hicho ni kiasi cha umeme inachobeba), ringi za inchi 29. Uzito wake ni kilo ishirini na kitu kabla hujapanda wewe na begi lako. Sasa chukua huo uzito uuteremshe kutoka msitu wa Olmotonyi mpaka Ngaramtoni kipindi cha masika, udongo ule mweusi unateleza balaa, halafu uniambie kama utaanza kununua taa za rangi au breki.

Kwa hiyo tunaanza na breki.

Pedi zilizokuja nayo zilikuwa zimebaki kama karatasi. Nikaenda duka moja la vipuri mjini, jina naliacha, nikauziwa pedi za elfu kumi na mbili, jamaa kaapa kabisa ni zilezile. Umbo kweli ni lilelile, zimeingia kwenye kalipa, kile kibanio kinachoikamata diski, bila shida, ila mteremko wa kwanza tu wa maana breki ikaanza kupiga kelele na harufu ya kuungua juu. Kuzitoa nakuta upande mmoja ile dawa ya kushikia imebanduka kwenye kibati, kibati kitupu kinang'aa, na diski ishachorwa mistari mduara mzima ukipitisha kucha unaisikia. Nimerudisha, najibiwa "kaka, wewe unabana sana breki." Haya.

Za Shimano original niliagiza kwa mtu aliyekuwa anakuja kutoka Ujerumani na hapo ndo inabidi uwe makini na namba ya pedi maana ukimwambia mtu "niletee pedi za Shimano" atakuletea zozote. Angalia kalipa yako ina pistoni mbili au nne. Za pistoni mbili nyingi za kawaida zinachukua familia ya B, mfano B01S au B03S, za pistoni nne zinachukua D03S au N03A. Halafu kuna resini na za chuma. Za chuma zinadumu zaidi na zinavumilia matope na joto, za resini zinang'ata kimyakimya ila zinaisha haraka. Ila usikimbilie za chuma kabla hujasoma diski yako, diski nyingi za bei ya chini zimeandikwa kabisa "Resin Pad Only", ukifunga pedi za chuma hapo unaitafuna diski. Na ukiwa unasoma hapohapo angalia maandishi madogo ya unene, za Shimano zimegongwa Min. TH 1.5, maana yake ikifika milimita 1.5 diski hiyo ni ya kutupa, mpya huwa na 1.8. Watu wanabadilisha pedi mara tano kwenye diski iliyokwisha halafu wanalaumu pedi.

Mbele nimeweka diski ya milimita 203 badala ya 180. Inahitaji adapta ya kalipa, na foku yako, yaani uma wa mbele unaoshika tairi, lazima iwe inaruhusu ukubwa huo, usifunge kwa sababu tu imeenea. Tofauti ni kubwa, vidole havichoki tena kwenye mteremko mrefu. Ukishafunga pedi mpya zizoeshe kwanza, tafuta barabara tambarare, kimbiza kiasi, bana mpaka ukaribie kusimama bila kufunga tairi, rudia rudia mpaka usikie inaanza kushika. Na mafuta ya breki jamani, breki za Shimano ni mafuta ya madini, za kampuni ya SRAM nyingi ni DOT kama ya pikipiki, hayachanganywi hata tone, sili zinavimba na hapo unanunua mfumo mpya. Fundi wa pikipiki atakuwekea DOT kwa nia njema kabisa kwa sababu ndo anayoijua, msimamie. Alama yangu kwa breki, pedi original na diski 203, tisa kwa kumi. Moja nimetoa kwa sababu ya bei.

Tairi. Ukipanda upande wa mlimani shida yako ni mawe na mizizi, ukishuka tambarare za Kisongo kuelekea Monduli shida yako ni miba ya migunga, na ule mwiba hautanii, unaingia mrefu mzima. Nilifunga Maxxis Minion DHF mbele 29x2.5 na DHR II nyuma 29x2.4, za ganda lililoimarishwa wanaloliita EXO+. Kama una hela ya kutosha nyuma weka ganda la DoubleDown kabisa, nene na nzito lakini mota ipo inasukuma, unahangaikia gramu za nini. Hiyo ndo raha ya baiskeli ya umeme, vitu vizito na imara ambavyo wenzetu wa kukanyaga wanavikwepa sisi tunaweka tu.

Lakini tairi nzuri na tyubu ndani ni kazi bure huku. Weka tyubulesi, yaani tairi bila tyubu. Ringi ziwe za tyubulesi, unapiga tepu yake ndani vizuri bila mapovu ya hewa, valvu, halafu ile dawa nyeupe ya latex. Kazi ngumu ni kuipandisha tairi kwenye ringi maana inataka hewa nyingi kwa mpigo mmoja, pampu ya mkono utaitukana mpaka jioni. Nenda kwa mziba pancha wa bodaboda mwenye kompresa. Valvu za hizi baiskeli nyingi ni nyembamba za Presta, mpira wa kompresa yake hautashika, kwa hiyo nunua kile kikofia cha shaba cha kugeuza iwe kama ya pikipiki, kitu kidogo cha elfu mbili tatu ambacho kimenisaidia kuliko vitu vingi vya laki. Anapiga hewa, unasikia pa! pa! tairi inakaa.

Mara ya kwanza nachomoa mwiba wa mgunga kwenye tairi ya nyuma nilisita, nikauvuta taratibu, maji meupe yakachuruzika kidogo na mapovu, nikazungusha tairi tundu likae chini, likajifunga lenyewe. Presha haikushuka hata ya kusema. Kasoro ni kwamba hii dawa inakauka na joto letu, usiamini maandishi ya chupa, kila baada ya miezi miwili mitatu fungua uangalie kama kuna maji au yamegeuka maganda ya mpira. Hewa natembelea psi 22 mbele na 25 nyuma, na geji za sheli nyingi kwa presha ndogo hivyo zinabahatisha, kwa hiyo kageji kako binafsi kanunue. Tairi na dawa kumi kwa kumi.

Cheni nitasema kwa kifupi ila msipuuze. Mota inavuta cheni pamoja na miguu yako, ukibadilisha gia huku unakanyaga kwa nguvu utasikia "kraak" na hiyo ni hela inalia. Nimeweka KMC e11, hizo zimetengenezwa kwa ajili ya baiskeli za umeme, mpaka sasa safi. Ila kifaa chenyewe cha maana ni kile kipimo cha cheni cha kibati, unakichomeka, kikizama kwenye alama ya 0.5 (cheni imevutika asilimia 0.5) badilisha cheni hapohapo kwa gia za 11 au 12. Ukisubiri, cheni iliyovutika inakula meno ya kaseti, lile fungu la gia za nyuma, na ukija kuweka mpya inaruka, basi unanunua vyote. Shimano wana mfumo unaitwa Linkglide wenye meno manene ambao wao wenyewe wanadai kaseti yake inadumu mara tatu, unavutia, lakini unahama na kaseti, shifta ya kubadilishia gia kwenye usukani, na kile kihamisha cheni cha nyuma, vyote pamoja. Kwangu bado.

Haya, betri.

Betri ya akiba huwezi kuletewa na shangazi kwenye begi. Sheria za ndege za abiria ziko wazi, mpaka Wh 100 sawa, kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika, zaidi ya 160 hairuhusiwi iwe begi la mkononi au la chini. Yetu ni 500. Inakuja kwa mzigo wa hatari wenye karatasi zake na gharama yake, na ndo maana bei ukiisikia unakaa chini. Wapo wanaojitolea kuifungua hiyo ya zamani wakaunga seli mpya, mimi sifanyi. Volti 36 hizo zikipata shoti ndani ya nyumba unayolala na watoto, hapana. Hela hiyo nimeiweka kwenye kuitunza iliyopo. Chaja ya kawaida ya ampea 4 inajaza 500 kwa saa nne na nusu hivi, naichomeka kwenye kilinda umeme maana umeme ukikatika unarudi na hasira, na kama siendeshi wiki kadhaa naiacha katikati, asilimia 30 mpaka 60 ndo wanavyoshauri Bosch, kwenye chumba chenye ubaridi sio stoo ya bati.

Kuna kingine vijana wanakiulizia sana, ile chipu ya kuondoa kikomo cha kilomita 25 kwa saa, kikomo ambacho ni sheria ya Ulaya. Mimi nakuuliza, ukiwa unapanda Olmotonyi umewahi kufika 25? Ukishuka, unapita 25 bila mota. Sasa chipu ya nini. Na Bosch tangu 2020 programu yao inagundua huo mchezo na kuifungia mota nguvu. Sifuri kwa kumi.

Vidogo vidogo sasa. Bomba la siti la kushuka kwa kitufe, hili watu wanadhani ni anasa, ni la kwanza baada ya breki na tairi, siti ikishuka unashuka mteremko mwili uko nyuma na huru, pima tu kipenyo kabla hujalipa, yangu milimita 30.9 imeandikwa kwenye bomba lenyewe la zamani, kuna na 31.6 na 34.9 na hazibadilishani. Pedeli bapa zenye vipini vya chuma, nzuri, kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume, msiiharibu krenki, ule mkono unaoshika pedeli. Madigadi ya mbele ya plastiki, lazima wakati wa masika. Kishikio cha simu nimekitoa, mtikisiko unaua kamera. Keria hapana, njia za mawe hazitaki mzigo unaorukaruka nyuma. Na tafadhali msiipeleke kwa waosha magari wakaipiga na mashine ya presha, maji yanaingia kwenye beringi za mota, ndoo na brashi vinatosha.

Kengele, elfu tano soko la Kilombero, ile ya kienyeji ya kupiga na kidole gumba. Baiskeli hii haina sauti, mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani hakusikii mpaka uko mgongoni kwake, na ng'ombe ndo kabisa. Kumi kwa kumi, na nimenunua mbili.