Dhamana ya pesa ama bila pesa? Mume wangu na mimi hatuelewani

Hapa kwetu Lamu hii mada imefanya kila mtu anywe chai yake pembe yake ya baraza. Mume wangu ang'ang'ania dhamana ya pesa, eti ukiweka elfu hamsini kortini utarudi tu maana pesa yauma, na kesi ikiisha warudishiwa. Sawa, lakini mvuvi asonazo analala ndani na hajahukumiwa, mwenye boti mbili ashatoka kabla adhuhuri! Mimi niko na Illinois kule Marekani, walifuta dhamana ya pesa Septemba 2023, jaji anaangalia kama mtu atatoroka ama ni hatari, si mfuko wake. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, yataka masharti yawe ya kadiri. Nikamsomea, akasema "haya wakili", akamaliza mahamri yote.