Tom and Jerry kwenye Blu-ray: katuni 37 safi, kisha mlango unafungwa

Aliyezoea Tom and Jerry ya televisheni ya zamani, rangi zimepauka na sauti inakwaruza, atashtuka dakika ya kwanza tu ya Tom and Jerry Golden Collection: Volume One. Boksi hili la Blu-ray lilitoka 2011. Ndani mna diski mbili na katuni 37 zilizopangwa kwa mfuatano wa kutoka kwake, kuanzia Puss Gets the Boot ya 1940 hadi Professor Tom ya 1948.

Mfuatano huo ndio uhondo wenyewe. Televisheni ilikuwa ikizichanganya: leo ya 1943, kesho ya 1955, keshokutwa moja ya zile 13 alizotengeneza mwongozaji mwingine, Gene Deitch, kule Prague, mtazamaji akabaki kujiuliza huyu paka kapatwa na nini. Hapa unamwona Tom akijengeka. Mwaka 1940 anaitwa Jasper, mashavu yamejaa manyoya yaliyochongoka, na mwendo wake ni wa paka hasa, miguu minne chini. Ruka hadi Quiet Please! ya 1945: manyoya yamelainishwa, nyusi zimekuwa nzito, anasimama wima, na woga wa kumwamsha mbwa unausoma usoni kabla hajasogeza hata kidole. Mistari imepungua, uso umepata nafasi ya kuigiza.

Sauti nayo imesafishwa vizuri, na hapa ndipo boksi linapojilipa. Wahusika hawa karibu hawasemi, kwa hiyo muziki wa Scott Bradley ndio unaobeba maneno yote. Kila hatua ya kunyata ina noti yake. Lile yowe maarufu la Tom ni la William Hanna mwenyewe, mmoja wa waongozaji wawili. Ukitaka kupima spika, weka The Cat Concerto ya 1947, ile ya piano na muziki wa mtunzi Liszt. Kisha linganisha na DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde: filamu ya picha 24 kwa sekunde huchezwa kwa 25, kasi inapanda kwa asilimia 4, katuni ya dakika 7 inapoteza kama sekunde 17, na piano inapanda karibu nusu toni isipokuwa watengenezaji wawe wameirekebisha. Ndiyo maana baadhi ya nakala zinasikika kama zina haraka. Blu-ray hii haina tatizo hilo.

Ila kabla ya kulaumu diski, irekebishe televisheni. Zima kwanza ule mpangilio unaobuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Mchoro mmoja wa katuni mara nyingi hukaa kwa picha mbili za filamu. Televisheni ikijaza pengo kwa kubahatisha, nyundo ya Tom inaacha ukungu na mstari wa wino unamong'onyoka. Zima pia kichujio cha kuondoa chenga, kwani huzidhania sharubu za Jerry kuwa uchafu na kuzifuta. Mikanda myeusi kushoto na kulia iache ilivyo. Picha hizi zilichorwa kwa umbo linalokaribia mraba, na ukizivuta zijaze skrini, Jerry anakuwa mnene kama kiazi.

Mambo mawili yanakera. Baadhi ya katuni zinaanza na kadi za majina zilizowekwa ziliporudishwa kwenye kumbi za sinema, si za awali. La pili ni kubwa zaidi. Hanna na mwongozaji mwenzake, Joseph Barbera, walitengeneza katuni 114, na boksi linaishia ya 37. Ya 38 ni Mouse Cleaning, na ilipobainika kwamba hiyo pamoja na Casanova Cat zingeachwa nje ya boksi la pili kwa sababu ya vichekesho vyake vya ubaguzi wa rangi, wanunuzi walilalamika na boksi hilo likafutwa 2013. Ajabu ni kwamba la kwanza lenyewe halikuogopa: nyuso zinazosawijika baada ya mlipuko zimebaki, na mfanyakazi wa nyumbani anasikika kwa sauti ya mwigizaji Lillian Randolph, ambayo televisheni iliwahi kuibadilisha. Mzazi atazame kwanza peke yake.

Kati ya Oscar 7 za mfululizo huu, 4 zimo humu. Tatu zilizobaki hazimo. Ukienda kuzitafuta kwenye DVD, kuwa macho na katuni za CinemaScope, yaani za picha pana, zilizoanza 1954. Zinatakiwa kuwa na mikanda myeusi juu na chini. Zikijaza skrini ya umbo la zamani, ujue zimekatwa pembeni, na mara nyingi pembeni ndipo Jerry alipojificha.