Bedford TJ: lori la mtu anayejua kushika spana

Bedford TJ, lori la pua (injini iko mbele ya kibanda cha dereva) lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, bado lafaa kubeba mchanga na mawe hapa Nakuru. Ukifungua boneti, fundi anafikia karibu kila kitu. Aje na spana za inchi tu; za milimita zitakula vichwa vya nati.

Injini ya dizeli ina adui mmoja: hewa ndani ya paipu za dizeli. Tangi likikauka au paipu ikipasuka, haiwaki. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza, kisha rudia kwenye pampu ya noseli, ile inayosukuma dizeli hadi kwenye noseli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Ikikataa bado, legeza nati za paipu kwenye noseli, piga stata hadi dizeli itoke, ukaze tena.

Breki ndizo za kutilia shaka. Ni za mafuta zikisaidiwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotokana na injini ikiwaka, kwa hiyo injini ikizima mteremkoni, pedali inakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Ukishuka kutoka Timboroa na mzigo, ingiza gia ndogo mapema, kwani drumu za breki zikichemka hazishiki. Usukani nao ni mzito, hasa ukigeuza sokoni. Kwa safari za Kisumu kila siku, tafuta lori jingine.