Deco X50 kwenye nyumba ya ghorofa: nimekuja kuisifia, nimeishia kusifia waya

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Najua nimepotea wiki mbili. Maiki ilizingua, nimepata nyingine, kama sauti inaumiza masikio niambieni pale chini. Leo sipo chumbani kwangu. Nipo Goba kwa dada yangu, na nyumba ndiyo hii: chini, ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili. Faiba imeingilia sebuleni, nyuma ya tivii. Shemeji anafanyia kazi juu kabisa, na kila akiingia kikao cha video anaganda mdomo wazi. Juzi kanipigia, "Shemeji, si wewe ndiye fundi wa YouTube? Njoo basi." Nimekuja.

Mzigo wa leo ni TP-Link Deco X50, boksi la vipande vitatu vya Wi-Fi vinavyosaidiana kusambaza netiweki moja nyumba nzima. Sitawasomea boksi, Wi-Fi 6 tumeiongelea humu mpaka basi. Nitasema hiki kimoja tu, hapa palipoandikwa AX3000. Hiyo 3000 ni megabiti kwa sekunde: 2402 za mawimbi ya gigahezi 5, ukajumlisha 574 za gigahezi 2.4, halafu ikasukumwa kidogo ijae. Simu yako haizili zote kwa mpigo. Na kifurushi cha hapa ni megabiti 50. Kwa hiyo mtu akikuuzia namba ya boksi, mwambie asante, endelea na safari.

Sasa twendeni, nataka muone tatizo lenyewe kwa macho. Nimewasha rauta ya zamani, ile yenye masikio sita kama buibui. Simu iko na programu ya kupima mawimbi. Hapa sebuleni inasoma hasi 45. Hizi namba ni za hasi, kadiri inavyozidi kwenda mbali na sifuri ndivyo netiweki inavyokufa. Ukifika kwenye hasi 67 hivi, video bado inakwenda. Ukifika hasi 80, omba Mungu.

Napanda. Ngazi ya tatu, hasi 52. Ngazi ya saba, hasi 58. Hapa kwenye kona, hasi 63. Nimefika ghorofa ya kwanza, nimesimama kwenye korido, hasi 66, bado tunapumua. Sasa naingia chumba cha watoto, hatua nne tu kutoka kwenye korido, na chumba hiki kiko juu ya rauta kabisa, yaani ningetoboa sakafu ningeiangukia. Angalieni... hasi 79. Mmeona? Niko karibu zaidi na rauta kuliko nilivyokuwa koridoni, na netiweki imeanguka.

Ni slabu hiyo. Zege la inchi sita, ndani yake nondo zimesukwa kama chandarua. Mawimbi ya gigahezi 5 yakikutana nalo yanachoka haraka, ya 2.4 yanajitahidi kidogo. Ukuta wa tofali una huruma kuliko slabu. Kwa hiyo netiweki hapa haipiti sakafuni, inapanda ngazi kama mgeni. Kwenye uwazi wa ngazi ndiko inakopita. Ukielewa hilo, nusu ya kazi imeisha.

Na hayo masikio sita? Nilikuwa nataka kuyacheka, lakini ngoja niwe mkweli. Antena ya fimbo inatupa mawimbi pembeni, kwenye ncha yake hakuna kitu cha maana. Watu wanazisimamisha zote wima, halafu wanalalamika juu hakuna netiweki. Laza mbili. Nimelaza, chumba cha watoto kimetoka hasi 79 kuja hasi 74. Bure kabisa. Kwa nyumba ya ghorofa moja ingeweza kutosha. Kwa shemeji kule juu, bado anaganda.

Haya, Deco. Kuzifunga ni dakika chache, unatumia programu yao ya simu na lazima ufungue akaunti. Moja nimeichomeka kwenye boksi la faiba. Hapo usisahau kuiweka kwenye hali ya akses pointi, yaani igawe Wi-Fi tu na kazi ya kugawa anwani ibaki kwa boksi la faiba, la sivyo boksi la faiba na Deco wote wanajifanya baba mwenye nyumba, na michezo ya mtandaoni na kamera zinaanza kusumbua.

Kipande cha pili, kosa ambalo kila mtu anafanya, na mimi nililifanya kwangu mwaka mzima: unakipeleka kwenye chumba kisicho na netiweki. Sasa kitapokea nini? Kinapokea uji mwepesi, kinagawa uji mwepesi. Kiweke mahali ambapo netiweki bado ni nzuri, hapa juu ya ngazi, kinaangalia uwazi. Cha tatu nimekiweka ghorofa ya pili, juu ya ngazi vilevile.

Tupime kwa shemeji. Zamani alikuwa anapata megabiti 4, siku nyingine 6. Sasa... 26. Shemeji anacheka. Mimi sicheki, chini tunapata 48. Nyingine zimekwenda wapi? X50 ina bendi mbili tu, 2.4 na 5. Kile kipande cha juu kinaongea na cha chini kwenye anga lile lile ambalo kinaongea na laptopu ya shemeji. Ni kama mtu mmoja anapokea ndoo na kumwaga kwa mkono huohuo. Na hapa ndoo inapokezanwa mara mbili.

Sasa tazameni ninachokipenda. Huu ni waya wa mtandao, aina ya Cat6, mita 20, nimeununua Kariakoo. Bei sisemi, duka na duka zilipishana mpaka nikacheka, zungukeni wenyewe. Nimeupitisha nje ya ngazi, fundi umeme atakuja kuuficha kwenye mpira, lile bomba la plastiki la kupitishia waya. Upande huu nachomeka Deco ya chini. Upande huu ya juu. Kila kipande kina matundu matatu, chomeka lolote, chenyewe kinatambua. Simu nimeiacha ikipima mfululizo, angalieni mstari. 25... 27... waya umeingia, klik... subirini... 39... 47. 47, jamani! Ghorofa ya pili! Nauchomoa. Inashuka. Narudisha. 47. Ningeweza kushinda hapa mchana kutwa.

Najua mtaandika, vipi zile za kampuni ya Tenda, si bei poa? Ni bei poa, na kwa nyumba ya chini yenye vyumba vingi nisingekukataza. Vipi Wi-Fi 7? Vyeti vyake vilianza kutolewa Januari 2024, vitu vipo, lakini slabu haijali umenunua mwaka gani.

Halafu nimeanza kujiuliza swali baya kwa mtu aliyekuja kuchambua Deco. Kama kazi kubwa imefanywa na waya, hii rauta ya buibui nayo si ingeweza? Nikajaribu jana usiku wakati wamelala. Inaweza. Unaingia kwenye mipangilio yake, unaipa anwani (namba yake kwenye netiweki) isiyogongana na ya boksi la faiba, unazima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, unachomeka waya unaotoka kwenye boksi la faiba kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kupokea intaneti), unaipa jina na neno la siri lile lile la Wi-Fi ya chini. Kwenye gigahezi 2.4, Wi-Fi ya chini iweke chaneli 1, rauta ya juu chaneli 11, zisigombane. Ghorofa ya pili ikapata 45.

Kwa hiyo kama unajenga, mwambie fundi leo, kabla ya plasta, apitishe mpira wa waya wa mtandao kila ghorofa, mbali na waya za umeme. Ukishahamia, utakuwa kama mimi hapa na waya unaning'inia kwenye ngazi. Deco inaishinda wapi rauta ya buibui? Inakuhamisha vizuri kutoka kipande kimoja kwenda kingine, ukipanda ngazi ukiwa unaongea haikati. Rauta mbili tofauti simu inang'ang'ania ile ya chini mpaka ife. Shemeji anatembea anapoongea, kwa hiyo Deco inabaki. Ningekuwa mimi mwenye kukaa mezani, ningenunua waya tu na hela nyingine nikafanyie mambo.

Na umeme ukikatika? Kuna UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba: soma volti na ampea kwenye adapta yako kabla hujanunua, na kumbuka hivi ni vipande vitatu, vitatu vyote vinahitaji moto.

Dada ananiita, kuna mtoto kaning'inia kwenye waya. Ngoja nikautoe.